Viungo vya usukani vilivyoganda havihitaji moto mwekundu

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu ushauri uliotolewa katika ukurasa wenu wa magari kuhusu kufungua viungo vya usukani vilivyogandana katika magari ya spoti ya zamani. Wasomaji waliambiwa waupashe moto mkono wa usukani, yaani kile kipande cha chuma kinachogeuza gurudumu, mpaka uwe mwekundu, kisha wagonge kwa nyundo kubwa hadi kiungo kianguke. Kitaanguka kweli. Lakini mkono uliofikishwa hapo haufai tena kurudishwa barabarani, na kwa gari lililoacha kutengenezwa miaka 40 au 50 iliyopita, huo mara nyingi ndio mmoja wa vipuri vigumu kupatikana.

Kabla ya kushika spana, fundi aamue kipi ni cha kutupwa na kipi ni cha kuokolewa. Tairodi endi (kiungo cha ncha ya tairodi, ile fito inayotoka kwenye reki), boljointi (kiungo cha tufe), bolti, nati na bushi ni vitu vya kuchakaa, na bado vinatengenezwa vipya hata kwa magari kama MGB na Triumph Spitfire, yote mawili yaliyozalishwa kati ya 1962 na 1980. Mkono wa usukani, stabu inayobeba beringi za gurudumu, shafti ya usukani na reki yenyewe, ule mhimili wenye meno unaosukuma magurudumu kushoto na kulia, ni vya kuokolewa. Msumeno, grainda na nguvu nyingi vina kazi yake katika shughuli hii, ila vielekezwe kwa kile cha kutupwa. Ushauri wenu ulivielekeza upande usiofaa.

Pia mwandishi aliviweka viungo vyote katika kapu moja, kana kwamba kilichoganda ni kilichoganda tu. Usukani wa gari la zamani hung'ang'ania kwa namna tatu, na dawa ya namna moja haifai kwa nyingine. Shina la tairodi endi hushikwa na umbo lake hata kama halina chembe ya kutu. Thredi hushikwa na kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila na kwa hiyo hujikaza kama kabari ndani ya nafasi finyu. Na kuna bolti ndefu iliyopita ndani ya bomba la chuma, iliyoshikwa na kutu kwa urefu wake wote. Hii ya tatu ndiyo inayowatesa watu kuliko zote.

Nianze na shina. Shina la tairodi endi limechongwa kwa tepa, nene upande wa kiungo na jembamba kuelekea kwenye thredi, nalo huketi ndani ya tundu la mkono wa usukani lenye mteremko uleule. Nati ikivutwa, nyuso mbili hubanana hadi zikashikana zenyewe. Ukitoa nati, hakuna kinachobadilika, maana kazi ya nati ilikuwa kuvuta tu. Ndiyo sababu mafuta ya kulegeza kutu hayasaidii sana hapa. Kinachohitajika ni mshtuko.

Toa spiliti pini (ile pini inayoizuia nati isifunguke), legeza nati, lakini usiitoe kabisa. Iache ilingane na ncha ya shina, ili ilinde thredi na izuie kiungo kisikuangukie. Funga pula ya tairodi, kaza skrubu yake mpaka iwe ngumu, kisha pasipo kuilegeza gonga pigo moja kavu ubavuni mwa jicho la mkono, yaani pale chuma kinapozunguka shina. Nyundo ya kilo 1 hadi 1.5 inatosha. Upande wa pili wa jicho shikilia nyundo nyingine nzito zaidi, ili nguvu isipotee kwa kuyumbisha mkono. Pigo hilo hulibonyeza jicho kwa kitambo kidogo sana, mviringo wake unakuwa yai, na tepa inaachia kwa mlio mkali unaosikika wazi. Hapa ndipo mahali pekee ninapokubali kipande cha kuokolewa kigongwe, na kwa kipimo: mapigo machache, ubavuni, juu ya chuma kilichonona. Usigonge ncha ya shina hata mara moja. Ikivimba, nati haitatoka na pula haitapata pa kukaa.

Pigo likikataa, kaza pula robo mzunguko, gonga tena. Likikataa bado, iache pula ikiwa imekazwa usiku kucha. Mara nyingi kiungo huachia chenyewe kabla hakijaguswa tena, na kwa hiyo nati ile iliyobaki ndiyo itakayokiokoa kisidondoke sakafuni pamoja na pula. Ule uma wa kupigiliwa katikati ya kiungo na mkono utumike pale tu tairodi endi inapotupwa, kwa kuwa huupasua mpira wa kukinga vumbi karibu kila mara.

Kuna tatizo jingine linalowachanganya wengi: nati inazunguka na shina zima linazunguka nayo. Tepa imekwisha kuachia huku nati ikiwa bado ngumu, hasa zile nati zenye pete ya nailoni. Weka jeki ndogo chini ya kiungo na uinue taratibu mpaka shina likae tena katika tundu lake, kisha endelea kufungua. Baadhi ya viungo vina tundu la pembe 6 kwenye ncha kwa ajili ya kushikilia kwa ufunguo wa Allen. Vyote vikishindikana, ipasue nati kwa kipasua nati au uikate kwa upande mmoja. Nati ni ya kutupwa.

Sasa thredi. Pale tairodi endi inapoingiana na tairodi yenyewe ndipo mpangilio wa kazi unapofanya tofauti kubwa, na hapa karibu kila mtu hukosea. Loknati, yaani nati inayokaza tairodi endi isizunguke, ilegezwe wakati tairodi endi bado imefungwa kwenye mkono wa usukani. Mkono unakushikilia kila kitu kisizunguke. Ukishatoa kiungo kwanza, utabaki na kipande kinachocheza hewani na loknati ambayo haina kinachoizuia, na utaishia kukipotosha kiungo cha ndani cha reki kwa kukamata tairodi kwa koleo.

Kabla ya hapo safisha thredi zilizo nje kwa brashi ya waya, maana kutu na tope vilivyo mbele ya nati ndivyo vitakavyoikwamisha ikianza kutembea. Pima umbali kutoka katikati ya shina hadi alama fulani kwenye tairodi, uandike, na hesabu mizunguko unapotoa. Angalia pia mwelekeo wa thredi. Katika baadhi ya magari upande mmoja una thredi za kushoto, na mtu anaweza kukaza kwa nguvu zake zote akidhani anafungua.

Mafuta ya kulegeza kutu yanahitaji muda kuliko wingi. Paka kidogo, gonga kwa wepesi mara kadhaa ili mtetemo uyavute ndani, subiri, rudia. Paka jioni na asubuhi kabla ya kazi, kwa siku mbili kama unaweza. Mchanganyiko wa asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki kwa nusu kwa nusu hupenya vizuri, ila hujitenga, basi utikiswe kila unapotumiwa, na usikaribie moto wala mpira.

Joto lina nafasi yake katika thredi, na ningependa wasomaji waelewe linafanya nini hasa. Tundu la chuma lenye upana wa milimita 16 likiongezewa joto la nyuzi 150 za sentigredi hupanuka kwa takriban sehemu 3 za mia za milimita. Ni kidogo, lakini inatosha kuvunja kutu, kwa sharti moja: kipashwe kile cha nje peke yake, kwa haraka, kabla joto halijafika cha ndani. Vikipata moto vyote viwili, vyote vitapanuka na hutapata kitu. Kwa hiyo tochi au bunduki ya hewa moto ielekezwe kwenye loknati, au kwenye shingo ya tairodi endi, dakika moja au mbili. Kisha gusisha mshumaa kwenye mshono. Nta huyeyuka na kunyonywa ndani ya thredi, na hapo nyuzi 150 hadi 200 zinatosha kabisa. Kifaa cha koili ya umeme kinachopasha nati bila mwali ni bora zaidi, kwa kuwa hakiunguzi mipira iliyo jirani.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba wekundu hauna faida yoyote. Chuma huanza kuonyesha rangi ya nyasi kavu kwenye nyuzi 220 hivi, na buluu karibu na 300. Ukiona rangi hizo umekwisha kupita kiwango unachohitaji. Mkono wa usukani ni chuma kilichofuliwa, kikapashwa na kupozwa kwa vipimo kiwandani ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Ukikifikisha kwenye wekundu, nyuzi 700 na zaidi, kazi hiyo ya kiwandani inafutika. Kikipoa polepole kinakuwa laini na kinaweza kupinda gurudumu likigonga shimo. Kikimwagiwa maji, jambo ambalo wengi hufanya ili waendelee na kazi upesi, kinaweza kuwa kama kigae na kukatika ghafla. Kwa macho huwezi kutofautisha, na rangi mpya ikipakwa juu hakuna atakayejua.

Hatari za moto kwa fundi mwenyewe nazo hazikutajwa. Boljointi iliyofungwa ina grisi ndani. Ikipashwa sana, mvuke hukosa pa kutokea na kifuniko chake kinaweza kuruka kama risasi. Mafuta ya kulegeza kutu huwaka. Nati zenye mipako ya kadmiamu au zinki hutoa moshi wenye sumu. Na dawa ya kusafishia breki yenye klorini, ikikutana na moto au chuma chenye joto kali, huzaa gesi ya fosijeni, ambayo ni ya kuua. Sehemu iliyosafishwa kwa dawa hiyo isipashwe moto kabisa. Mpira wa breki uko sentimita chache tu kutoka hapo. Uhamishwe, au ufunikwe kwa bati.

Mkononi pia kuna dalili ya kusikiliza. Bolti inayofunguka huachia kwa mruko, kisha inakwenda. Bolti inayokaribia kukatika huzunguka kwa ulaini, kama unapotosha mpira, na spana inarudi kidogo ukiiachia. Ukihisi ulaini huo, acha papo hapo. Irudishe ilikotoka, ongeza mafuta, kisha nenda mbele robo na kurudi nyuma robo, mpaka unga mwekundu uanze kutoka na mafuta. Na spana iwe ya saizi yake. Magari mengi ya Uingereza ya miaka hiyo yana vichwa vya inchi, na nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia vizuri na itakula pembe vizuri. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo ya 19 hukubali, na ndiyo inayowadanganya watu wadhani nyingine zote zitakubali. Tumia boksi ya pembe 6, si ya pembe 12.

Nimefika kwenye ile ya tatu. Katika Spitfire, sehemu ya chini ya nguzo ya wima inayobeba gurudumu imefungwa kwa thredi ndani ya tranioni, yaani kitako chake cha shaba nyeusi, na gurudumu linapogeuzwa thredi hizo ndizo zinazozunguka. Tranioni hiyo inashikwa kwenye mkono wa chini wa sasipensheni na bolti inayopita ndani ya bomba la chuma lililozungukwa na bushi. Katika MGB kuna kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia), lakini chini yake kuna mpango unaofanana: bolti ndefu ndani ya bomba. Maji huingia, grisi hukauka au haikuwahi kufika, na bolti na bomba huwa chuma kimoja.

Dalili yake ni kwamba nati inatoka bila shida na bolti inazungushika, lakini haitoki. Inazunguka pamoja na bomba lake. Mtu ataipiga kwa nyundo, kichwa kitavimba, mkono wa chini utapinda, na bolti itakuwa palepale. Mafuta hayafiki katikati kwa sababu pande zote mbili zimezibwa na sili na waasha. Joto nalo haliwezi kufika bomba bila kupitia tranioni au kingpini, navyo ni vya kuokolewa. Ushauri wangu ni huu: jaribu mafuta siku mbili, jaribu kuitoa kwa pula ya skrubu yenye bomba fupi la kuegemea, na ikikataa usibishane nayo. Ikate.

Ikatwe mara mbili, kila upande kwenye nafasi iliyo kati ya mkono wa chini na tranioni, pale penye sili na waasha. Sukuma sili pembeni au uzichome nje kwa bisibisi. Msumeno wa umeme wa kwenda na kurudi wenye ubapa mwembamba wa meno madogo kwa ajili ya chuma unafaa zaidi. Msumeno wa mkono unafaa pia, na unachosha. Grainda ina diski pana mno kwa nafasi hiyo na itakula mkono. Weka kipande cha bati kila upande, kata polepole, tia mafuta kwenye ubapa. Bolti hizi ni ngumu, kwa hiyo tenga bapa kadhaa za msumeno. Bolti ikishakatika, nguzo nzima inashuka, na kipande kilichobaki ndani pamoja na bomba lake kinasukumwa nje kwenye presi ya haidroliki, tranioni ikiwa imeegemezwa sawasawa.

Ukishaifungua, zikague thredi za chini za nguzo ya Spitfire kwa kioo cha kukuzia. Tranioni hizo zilikusudiwa mafuta mazito ya gia, EP90, si grisi. Zikikauka, maji hukaa chini, yanakula thredi, na nguzo hukatika pale pale, mara nyingi gari likitembea polepole na usukani umegeuzwa sana. Nguzo yenye vishimo vya kutu kwenye mizizi ya thredi haina tiba. Tranioni za kushoto na kulia pia hazibadilishani, kwa kuwa thredi zake zinaelekea pande tofauti.

Kuhusu shafti ya usukani nitasema kwa ufupi, ingawa uharibifu ninaouona hapo ni mwingi. Kiungo cha krosi kinachounganisha shafti na reki kina splaini (mifereji inayoingiana na ya shafti) na bolti ya kubana. Bolti hiyo kwa kawaida hupita ndani ya mfuo uliochongwa kwenye shafti. Kuilegeza hakutoshi, sharti itoke yote, la sivyo utavuta mpaka kesho. Weka alama ya rangi kwenye shafti na kiungo, panua mwanya wa kiungo kwa patasi nyembamba kwa upole, milimita moja tu, kisha kitelezeshe kwa kukichezesha huku na huku. Kisipigwe kwa mstari wa shafti. Shafti nyingi za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zimeundwa zijikunje gari likigonga, na baadhi zina pini za plastiki zinazokatika kwa pigo hilo hilo la nyundo. Pigo hilo pia huchimba vidoa kwenye beringi za krosi na za pinioni ya reki.

Gurudumu la usukani lenyewe: acha nati kwenye thredi 2 au 3, kaa sawa, livute huku ukilichezesha kushoto na kulia. Likikataa, tumia pula inayojishika kwenye matundu ya kitovu. Ile nati iliyobaki ndiyo itakayozuia gurudumu lisikupige usoni. Kama gari lina mfuko wa hewa, kama baadhi ya Mazda MX-5 zilizoanza kutoka mwaka 1989, betri ikatwe kwanza, usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, na mfuko uwekwe mezani uso wake ukitazama juu.

Pale reki inapofungwa kwenye alumini, bolti za chuma hujishika kwa unga mweupe badala ya kutu nyekundu. Hapo alumini ipashwe, nyuzi 100 hadi 150, kwani hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Na reki iliyoganda yenyewe kwa sababu mipira yake ilichanika, isizungushwe kwa nguvu. Meno yake yamekwisha kuliwa. Itolewe ikafunguliwe mezani.

Wakati wa kurudisha, tepa zote ziwe safi na kavu, bila grisi. Grisi ya kuzuia kugandana ipakwe kwenye thredi za tairodi na mwilini mwa bolti ya tranioni. Nati yenye meno ikifikia kipimo chake na tundu la spiliti pini halijalingana, kaza mbele mpaka lilingane, usirudishe nyuma. Spiliti pini na nati za nailoni ziwe mpya. Kile kipimo ulichoandika kitakufikisha kwa fundi wa alaimenti tu. Hakichukui nafasi yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti lichapishe sahihisho katika ukurasa uleule wa magari, likisema wazi kwamba mkono wowote wa usukani uliopashwa hadi wekundu kwa kufuata ushauri ule utolewe kwenye gari na ubadilishwe kabla gari halijaendeshwa tena. Wapo wasomaji ambao huenda wamekwisha kuufuata, na magari yao yako barabarani.

Wako,
Fundi wa usukani na sasipensheni